Barua kwa mwanangu: umeniuliza nasoma nini sa hivi

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeirudia mara tatu. Umeuliza mama sa hivi unasoma nini, alafu ukaongeza kwamba wewe ukianza kitabu ukifika ukurasa wa 30 unakiacha, na sasa vimerundikana pembeni ya kitanda mpaka unaona aibu kuviangalia. Nikasema hili sio la kujibu kwa meseji, ngoja nikae nimwandikie mwanangu.

Nimeshika vitatu. Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule aliyepata Nobeli 2021. Mwenyewe alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, hiki cha Kiswahili kimetoka 2022, katafsiri Ida Hadjivayanis. Cha Kiingereza nilikimaliza zamani, sasa nasoma vyote viwili kwa pamoja, ukurasa huku ukurasa kule, taratibu kweli kweli. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12, anachukuliwa kwao na mtu anayemwita ami, kumbe si ami wala nini, ni tajiri anayemdai baba yake na mtoto ndo rehani yenyewe. Kwa Kiingereza ile sehemu nilipita nayo tu. Safari hii imenikamata, maana kwetu mtoto akishakuita ami ndo amekukabidhi roho yake, nikafunga kitabu nikakaa kimya nawaza. Siku hiyo nilisoma kurasa nne. Wewe ungesema umeshindwa, mimi nahesabu nimesoma.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha 1951, kile chembamba unachokijua, jalada limeshachanika. Hicho nakisoma usiku, tena kwa sauti, mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, maana Karama akiwa pale mahakamani anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, wakarudi na mambo ya maana wakaishia kufungwa. Kiswahili cha mzee yule ukikisoma kimoyomoyo unapoteza nusu, kinataka mdomo. Sasa juzi nafungua ukurasa nakuta pembeni nimeandika kwa penseli, "mbona hatoroki?" Mwandiko wangu kabisa, wa kabla sijakuzaa. Nikautazama muda mrefu. Enzi zile niliona Karama anajipeleka kwenye kifo bure, leo naona angekimbia nani angewasemea wale waliosahaulika gerezani, bas nikachukua penseli nikajibu hapohapo chini. Siku kitabu kikiwa chako utatukuta wawili tunajibizana humo.

Cha tatu sikutajii, nimekiacha ukurasa wa 60. Kinene, na kila sura inarudia ya jana. Sina deni nacho.

Ndo nnachotaka kukwambia mwanangu, wewe unavihesabu vitabu kama kazi za kumaliza, unaangalia kurasa zilizobaki badala ya ile iliyo mbele yako. Mimi vingi sikumaliza na vichache nimevisoma mara tano, na hao wa mara tano ndo walionilea. Yaani ukiniuliza siri yangu ni kurudia. Mengine ni madogo madogo tu, simu naiacha chumba kingine, sio kuizima, kuiacha kabisa mbali, maana ikiwa karibu hata ikinyamaza mkono unaitafuta. Penseli haitoki kitabuni, ndo alama yangu ya ukurasa pia. Na siachi mwisho wa sura, naacha katikati ya tukio, mtu ameshika mlango hajaufungua, kesho yake narudi mwenyewe bila kujilazimisha.

Kingine, ukurasa wa 30 sio kwamba umechoka. Nahisi unaacha siku tatu alafu unaendelea palepale, majina yameshakutoka, unasoma watu usiowajua. Rudi nyuma kurasa kumi ndo uendelee, usione unapoteza muda.

Leo usiku toa kile cha juu kabisa kwenye rundo, nitumie jina lake tu. Ntakitafuta na mie nikipate, tuanze siku moja, na wewe ukifika 30 unipigie unisomee huo ukurasa.

Mama yako