Mbona muvi za Almodóvar, yule mwongozaji wa Hispania, zimejaa mambo ya kitandani?

We piga hesabu tu, dikteta Franco katawala Hispania karibu miaka 40, kanisa likiwa upande wake, wakaguzi wa filamu wanakata hadi busu, watu walikuwa wanavuka mpaka kwenda Perpignan, Ufaransa, kuangalia Last Tango in Paris, muvi ya ngono iliyopigwa marufuku kwao. Franco kafa Novemba 1975, ukaguzi wa filamu ukalegea hadi ukafutwa 1977, ndo zikashamiri zile muvi za destape, kila dakika mwanamke anavuliwa nguo, na hapo mi naona waliopata uhuru ni wanaume walionunua tiketi, nyingi takataka tu. Almodóvar, karani wa kampuni ya simu ya Telefónica wakati huo, akaja kivingine na muvi ya Pepi, Luci, Bom mwaka 1980, humo wanawake ndo wenye hamu zao na muvi haiwahukumu kwa kutamani. Na hadi mwisho wa 1978 kuna sheria ilikuwa inawatupa mashoga ndani, sasa ona mambo yalivyobadilika kwa kasi. Ila watu wanamsahau Eloy de la Iglesia, mwongozaji mwingine wa Hispania, tafuta muvi yake El diputado ya 1978, mbunge mjamaa ana mke ila anapenda wanaume na maadui zake wa kisiasa wanalijua hilo, kwangu ile kali kuliko Almodóvar wa mwanzo.