Kuelekea Ualimu wa Kemia: Maswali ya Wasomaji

Asalaam aleikum, mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita kwa Kemia, Baiolojia na Jiografia. Nipite njia gani nifundishe sekondari? (Wete)

Waaleikum salaam. Omba shahada ya sayansi na ualimu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambako sayansi husomwa pamoja na mbinu za kufundishia, na mwanafunzi hupelekwa skuli kwa mazoezi ya kufundisha.

Hesabu za moli naziweza, lakini maabara inanitia hofu. Nitafaa? (Fuoni)

Utafaa, iwapo hofu hiyo itakufanya uwe mwangalifu. Kila jaribio lifanye mwenyewe kabla ya kipindi, kwa kemikali zile zile, kwa sababu myeyusho ulioandaliwa vibaya huharibu majibu ya darasa zima hata kama kila mwanafunzi amesoma bureti yake, yaani mrija wa kupimia kimiminika, sawasawa. Unapozimua asidi kali ya salfuriki, mimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji, wala usimimine maji juu ya asidi, kwani joto linalotoka huweza kuyachemsha maji papo hapo na kuirusha asidi usoni.

Skuli niliyopangiwa mazoezi haina vifaa. Nifanyeje? (Mkoani)

Mwanafunzi asiyewahi kushika bureti huonewa anapoingia mtihani wa vitendo, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu awatafutie nafasi katika maabara ya skuli jirani. Lakini usikae kusubiri. Karatasi iliyochovywa katika maji ya bizari ya manjano na kukaushwa hugeuka nyekundu ikiguswa na maji ya sabuni ya kufulia, na hapo somo la viashiria, yaani vitu vinavyobadili rangi kuonyesha asidi au besi, limekwishaanza. Ama kuhusu ukenekaji, yaani kukigeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupoza ili kukitenga, sioni mfano bora kwa mtoto wa Pemba kuliko makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayotolewa mafuta kiwandani Wawi: eujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 250 za Selsiasi, ilhali ikichukuliwa na mvuke wa maji hutoka chini ya nyuzi 100. Waulize sababu, uwaache wabishane, ndipo uwaeleze kwamba vimiminika viwili visivyochanganyika, kama maji na mafuta hayo, huchangia kila kimoja mkandamizo wake wa mvuke, na mchemko huanza pale jumla yake inapolingana na mkandamizo wa hewa. Kwangu mimi, kipindi kimoja cha namna hii kina faida kuliko wiki nzima ya kunakili ubaoni.

Wanafunzi hawafahamu vizuri Kiingereza. Nitumie Kiswahili? (Makunduchi)

Ielezee dhana kwa Kiswahili mpaka waifahamu, kisha waiandike kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mtihani wao, ndani ya kipindi hicho hicho.