Nimelala Usiku Kucha, Mbona Bado Nimechoka?

Barua za safari hii karibu zote zinalia uchovu, na wengi mnauliza jambo moja: niache hospitali nishike mitishamba, au niache mitishamba nishike hospitali? Mimi sioni haja ya kuchagua upande. Chanzo kitafutwe kwanza. Kisha chakula, usingizi, dawa na mitishamba vitasaidiana, mradi kila anayekutibu ajue mwenzake amekupa nini.

Nauza samaki Kibuye. Mwaka mzima nachoka, nikipanda ngazi moyo unadunda. Kemisti huniambia ni malaria na taifodi, nameza dawa, nachoka tena. Hedhi yangu nayo huchukua siku nane, na siku za kwanza nabadilisha pedi karibu kila saa. – Mama wa samaki, Kisumu

Pole, mama. Ungeanza na hilo la mwisho, maana nadhani jibu liko hapo. Hedhi inayopita siku saba na kulowesha pedi kila saa inakumalizia damu. Moyo kudunda kwenye ngazi ni dalili ya kawaida ya mtu mwenye damu kidogo.

Malaria huku ziwani ipo, na nayo hula damu. Lakini kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Kipimo cha Widal cha taifodi ndicho kisichoaminika zaidi: kinasoma kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki hata kama uliugua zamani. Ndiyo maana watu huku wana "taifodi" isiyoisha miaka nenda miaka rudi.

Omba upimwe hemoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Mweleze daktari idadi ya pedi bila kuona haya, aangalie kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Apime na choo pia, kwa sababu ya safura, ile minyoo inayonyonya damu. Kama huwa unaingia ziwani, mwambie: dawa ya kawaida ya minyoo haigusi kichocho, kina dawa yake.

Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Na usiviache siku utakapojisikia nafuu. Kwa kawaida huendelea miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ya mwili ijae. Upande wa chakula, wewe unashinda na omena mbele yako, basi ile. Ipike na osuga (mnavu) au kunde, ukamulie ndimu. Chai iache mbali na mlo kwa saa moja hivi, kwa kuwa inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Utaniuliza: juisi ya bitiruti ninywe? Kunywa ukiipenda, lakini wekundu ule ni rangi tu, chuma chake ni kidogo.

Niliugua homa kali ya mafua miaka miwili iliyopita na sijawahi kurudi kuwa mimi. Jumamosi nikijisikia vizuri nafua, nalima, halafu Jumatatu siwezi hata kushika chaki. Vipimo vyote viko sawa. Majirani wanasema ni uvivu, wengine wanasema nimerogwa. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, mvivu hachoki kwa kulima, maana halimi. Unachoeleza kinafanana na ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari huuandika ME/CFS. Dalili zake: uchovu uliopunguza maisha yako kwa miezi sita au zaidi, usingizi usioburudisha, na hasa huko kuanguka vibaya kesho yake au keshokutwa baada ya kujituma. Huambatana na akili kuwa na ukungu, au kizunguzungu ukisimama kwa muda. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, na baadhi ya waliougua Kovidi wamebaki hivyohivyo. Haupimwi kwa damu. Daktari huondoa magonjwa mengine kwanza, kisha husikiliza maelezo.

Dawa ya kuuponya bado haipo. Anayekuuzia, ya kizungu au ya porini, anakuuzia matumaini. Na ile nasaha ya "fanya mazoezi, ongeza kidogo kidogo kila wiki" inaweza kukuumiza. Uingereza iliiondoa katika mwongozo wake wa ugonjwa huu mwaka 2021.

Kinachosaidia ni kujipimia nguvu. Siku nzuri ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ndiyo inayokudanganya. Kama unaweza kulima nusu saa, lima robo saa, kaa. Fundisha ukiwa umekaa, mwanafunzi afute ubao. Daftari za kusahihisha zigawe siku tatu. Andika kila siku ulichofanya na jinsi ulivyoamka siku ya pili. Baada ya wiki chache utaona mpaka wako uko wapi. Usingizi mbovu, maumivu na kizunguzungu vina tiba zake kimoja kimoja, na hapo daktari ana kazi ya kufanya. Mwalimu mkuu naye apewe barua ya daktari, asisikie habari zako kwa majirani.

Kuna hema mjini Nakuru wanapima mwili wote kwa mashine. Nilishika kijiti, ikatoa kurasa nyingi, wakasema nina sumu. Wakaniweka miguu kwenye beseni, maji yakawa ya kahawia kabisa! Sasa nataka kununua dawa zao. – Mwanaboda, Nakuru

Hapana, ndugu yangu. Rudi umwombe aiwashe ile beseni bila miguu ya mtu yeyote. Maji yatageuka kahawia vilevile, kwa sababu yana chumvi, umeme unapita, na vyuma vilivyomo vinapata kutu. Na kijiti cha kushika mkononi hakijui kiasi cha chuma wala sukari kwenye damu ambayo hakikuichota. Kazi ya kutoa taka mwilini inafanywa na ini na figo, bila malipo. Pesa hizo peleka maabara. Halafu niambie: unalala saa ngapi, na unakunywa vinywaji vya kuchangamsha mara ngapi kwa siku?

Natumia TLD, kidonge cha VVU. Nimechoka, nataka kuongeza mlonge na vidonge vya damu. – Msomaji, Homa Bay

Majani ya mlonge kama mboga hayana neno, lakini unga na vidonge vyake vitaje kliniki kabla ya kuanza. Vidonge vya chuma, kalsiamu au multivitamini vyenye madini huzuia dolutegravir, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye TLD, kuingia mwilini. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Au vyote pamoja na chakula. TLD usiiache hata siku moja. Na uulize viwango vyako vya virusi: vikiwa vimepanda, uchovu unaweza kutoka huko.

Mume wangu ana sukari, ametumia metformin miaka mingi. Anasinzia hata kanisani, na usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika. – Mama, Bungoma

Mambo mawili. Metformin ya muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, apimwe. Mboga hazina vitamini hiyo, ila samaki, mayai, maziwa na nyama. La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: pumzi kukatika usingizini ni ugonjwa, na huvuruga sukari na presha. Mrekodi kwa simu akilala, umpelekee daktari. Kama anaendesha gari, asiendeshe akisinzia.

Mama anasema ni mawazo tu. Mimi nataka kujaribu yoga na masaji. – Binti, Maseno

Jaribu, hutuliza mwili na usingizi hupata nafasi. Lakini jiulize: mambo uliyoyapenda bado unayatamani? Mwalimu wa Kakamega anatamani kulima, mwili unakataa. Kama wewe hata hamu imekufa, huenda ni sonona, ugonjwa wenye tiba, na mama aelezwe hivyo. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sina pesa. Nianze na kipimo gani? – Kijana, Siaya

Hemogramu (hesabu ya chembe za damu, pamoja na hemoglobini) na sukari kwanza, na mkojo. VVU na TB hospitali za serikali havilipishwi. Ukiwa na kikohozi, jasho la usiku au umekonda, taja hayo mlangoni. Ukinywa maziwa mabichi, sema pia, ili brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, isisahaulike. Tezi ya shingo hupimwa kwa bei ya juu kidogo, hiyo isubiri majibu haya yatoke.