Manowari za Zanzibar isiyogawanywa: kabla ya mzinga, tazama bandari

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili na michoro yako nimeifungua yote. Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi anabuni Usultani wa Zanzibar ambao Wajerumani na Waingereza hawakufanikiwa kuugawana, ukabaki na mwambao wake na njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji. Sasa ni mwaka 1938. Amechora manowari moja ya tani 35,000 yenye mizinga tisa ya inchi 15, na ndege ya kivita ya injini moja, na anauliza kama vinaingia akilini. Mimi nimeishi na nchi ya namna hiyo miaka sita, daftari la nne linaelekea kujaa, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Meli yako inapendeza, lakini haina pa kulala. Jahazi likiota uchafu chini hupandishwa pwani wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji yakipwa linabaki juu ya mchanga, watu wanalikwangua na kulipaka deheni. Tani 35,000 za chuma hazipandishwi mchangani. Zinataka gati kavu la zege lenye milango ya kufungia maji, na pwani yetu haikuwa nalo. La kuaminika upande huu wa Afrika lilikuwa Durban, lililofunguliwa 1925, na Durban iko chini ya Mwingereza. Siku ukikorofishana naye, meli yako itaota makome mpaka ipoteze kasi, na hutakuwa na la kufanya. Basi chora bandari kwanza: kina chake, karakana yake, makaa au mafuta yanatoka wapi, nani anayajua mabomba yake. Ukimaliza hapo, ukubwa wa meli utakuwa umejichagua wenyewe.

Hili silisemi kwa kubahatisha, limetokea hapa hapa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Unguja alfajiri ikaizamisha Pegasus ya Waingereza. Pegasus ilikuwa imetia nanga ili irekebishe mitambo. Baada ya hapo Königsberg nayo ikaharibikiwa mitambo, ikajificha katika delta ya Rufiji, na vipande vya boila vikakokotwa nchi kavu kwa mikono ya watu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Vilipofika, Waingereza walikwisha ziba milango ya mto. Meli mbili zenye mizinga mizuri, na zote mbili ziliponzwa na ufundi wa mitambo, si na adui aliyepiga vizuri zaidi. Kila ninapochora meli mpya huanza na swali hilo: boila ikipasuka hapa, inatengenezwa wapi?

Tazama pia nani aliyeimaliza Königsberg. Manowari kubwa za Waingereza zilikuwepo nje ya delta lakini hazikuweza kuingia, maji hayatoshi. Zikaletwa Severn na Mersey, meli fupi pana zinazozama kidogo sana majini, ambazo Brazil ilikuwa imeziagiza kwa ajili ya mito yake kabla Uingereza haijazichukua vita vilipoanza. Zilipanda mto, ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikawa zinawaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 kazi ikaisha. Pwani yetu ni miamba, mikoko, mchanga unaohama, na maji yanayopanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua. Meli inayozama mita mbili inafika mahali ambapo ya mita tisa itapasuka mkuku, ule uti wa chini wa meli. Katika nchi yangu ya kubuni, meli zinazofanya kazi kubwa kuliko zote ni mbili za aina hiyo, nimeziita Tumbatu na Kojani. Hazina sura ya kutisha, lakini nazipenda kuliko zote.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo nilipoaibika. Meli yangu ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 110, upana mita 14, na ilizama mita 5. Ukizidisha unapata mita za ujazo 7,700. Lakini meli si sanduku, imechongoka omo na tezi, mbele na nyuma, kwa hiyo chukua kama asilimia 55 yake: 4,235. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni tani 1.025, basi meli hiyo inabebwa na maji ikiwa na tani 4,340 hivi, na humo mna chuma chake, mitambo, mafuta, chakula, watu na risasi. Mimi nilikuwa nimeorodhesha vitu vya tani 9,000. Nilikuwa nimechora meli ambayo ingeteremshwa majini siku ya sherehe na isionekane tena.

Nikapunguza mizigo hadi hesabu ikakubali, nikadhani nimemaliza. Nikachonga kiunzi chake kwa mti wa msufi, urefu kama mkono hadi kiwiko, nikagongomea vichwa vya misumari minene mahali pa mizinga, minne juu ya sitaha na miwili juu zaidi, kisha nikakiweka kwenye beseni la kufulia. Kikakaa sekunde moja, kikalala ubavu, kikageuka tumbo juu. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa majahazi Nungwi, alikuwa amekaa barazani akinitazama. Akakinyanyua, akakipima mkononi kama mtu anayepima samaki, akasema: "Mpwa wangu, juu umejaza, chini tupu. Farumi yako iko wapi?" Farumi ni uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke. Akachukua kipande cha risasi ya nyavu, akakibandika chini ya mkuku, akakirudisha majini. Kikasimama. Akakisukuma kwa kidole, kikayumba, kikarudi wima. Nilichojifunza pale sijakipata katika programu yoyote, ingawa nakushauri utumie Springsharp, programu ya kukokotoa meli za kivita, ni ya bure na itakukatalia mapema mambo mengi. Mzinga unapanda juu, na pamoja nao unapanda mnara wake, deraya yake (chuma cha kuukinga) na watu wake. Kila unachopandisha juu, chini lazima ulipie.

Ukitaka kioo cha nchi yako, acha kuitazama Japani, tazama Siam, Thailand ya leo. Nayo ilikuwa ufalme wa kale, imebanwa kati ya Mwingereza na Mfaransa, ikabaki huru. Iliagiza meli mbili kwa kampuni ya Kawasaki kule Kobe, Japani, Sri Ayudhya na Thonburi, zikakamilika 1938, mwaka wako huo huo. Tani 2,265 tu kila moja, mizinga minne ya inchi 8, kasi ya mafundo 15 na ushei. Ni meli za kulinda mlango wa nyumba. Na hata hizo, tarehe 17 Januari 1941 karibu na Ko Chang, Thonburi ilipigwa na meli za Kifaransa ikaishia kwenye maji mafupi na kupinduka. Usiogope kuandika meli yako ikishindwa hivyo. Ndiyo itakayonifanya mimi msomaji niamini kwamba kweli ilielea.

Jambo la historia ambalo michoro yako imelisahau: Zanzibar ilikuwa na meli kabla yako. Sultani Seyyid Said alikuwa na meli Liverpool, ya mizinga 74, iliyojengwa Bombay, akamzawadia mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Meli yake nyingine, Sultanah, ilifika New York 1840. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu meli za mwanawe, Sultani Barghash, pamoja na mikarafuu ya Unguja. Kisha 1878 akapata Glasgow, iliyojengwa Scotland, ndiyo iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 ikiwatetea waliokuwa katika jumba la kifalme la Beit al Hukm. Milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini miaka mingi, watu wakipita na mitumbwi kando yake. Kwako Agosti ile haikutokea. Basi Glasgow iko wapi mwaka 1938? Mimi nimeifanya chuo, imefungwa gatini, haina tena boila, na kila baharia mpya analala humo miezi yake ya kwanza. Jeshi la majini lisilo na meli kuukuu linaonekana limenunuliwa jana dukani.

Ndege nitasema kwa kifupi. Umeiwekea injini ya Merlin, ya Kiingereza. Mwaka 1938 Mwingereza anaihitaji kila Merlin kwa ndege zake mwenyewe, hatakuuzia. Siam walinunua ndege za Kimarekani Curtiss Hawk 75N, ambazo matairi yake hayakunjwi, na kwa viwanja vya udongo hilo si aibu, ni akili. Pia umeandika kwamba ndege yako inaruka Tabora na mzigo ule ule inaorukia Dar es Salaam. Tabora iko mita 1,200 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile iliyotumika kupima ndege kiwandani. Bawa halibebi vile, injini haivuti vile, na kiwanja kinatakiwa kirefu zaidi. Ama punguza mabomu, ama ongeza bawa. Na kabla ya ndege ya kupigana, ipe nchi yako ndege za majini. Ndege za Imperial Airways, shirika la Waingereza, zilikuwa zikitua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi tangu 1937, hazikuhitaji kiwanja. Ila ziwekee watu wa kuzivuta nchi kavu na kuziosha kwa maji yasiyo ya bahari, chumvi inakula bati kimya kimya.

Ukirudi, leta vitu vinne: urefu, upana, meli inazama mita ngapi, na orodha ya uzito wa kila kilichomo, hata nanga na minyororo yake. Mchoro wa pembeni usiupake rangi bado. Nitakukokotolea hapa hapa, na kiunzi cha msufi nitakichonga mwenyewe nikakupigie picha beseni likiwa na maji.