Kerneli mpya ijengwe, ya zamani ibaki

Unapojijengea kerneli ya Linux (kiini cha mfumo, kinachoendesha vifaa), kabla ya kuandika `make localmodconfig`, amri ya kuchagua vya kujenga, chomeka kila kifaa unachotumia. Amri hiyo husoma moduli (vipande vya kerneli vya kila kifaa) zilizopakiwa wakati huo tu, na nyingine zote inaziacha nje. Basi modemu ya bando iwe imechomekwa, flashi ifunguliwe, printa iwashwe, na simu unayoshea nayo intaneti iunganishwe kwa waya. Ukiisahau modemu, kerneli itawaka vizuri, ila hutakuwa na intaneti, na aliye Nachingwea au Newala hana waya mwingine wa kukimbilia.

Vifurushi vya Debian au Ubuntu ni hivi: `build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev libdw-dev libncurses-dev rsync debhelper`. Chanzo pakua kernel.org, ukifungue, na ndani ya folda yake uandike ile `make localmodconfig`. Kisha ndani ya `make menuconfig`, menyu ya mipangilio, bonyeza `/`, tafuta DEBUG_INFO_NONE, uichague. Usipofanya hivyo diski itajaa kwa taarifa za kusaka hitilafu ambazo huzihitaji. Kazi ikikwama ikidai faili la `.pem`, ni cheti cha watengenezaji wa mfumo wako, nawe huna. Andika `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, ufanye vivyo hivyo kwa SYSTEM_REVOCATION_KEYS.

Kisha jenga kwa `make -j2 bindeb-pkg`; `-j2` ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa RAM ya GB 4 usizidishe hapo. Na joto la Mtwara lisidharauliwe: laptopu iinue juu ya vitabu viwili, feni ipate hewa. Umeme ukikatika katikati, `make` huendelea ilipoishia, lakini faili lililokuwa likiandikwa huweza kubaki tupu. Mafaili tupu yafute kwanza: `find . -name '*.o' -size 0 -delete`.

Sasa sakinisha kifurushi cha `.deb` cha linux-image kwa `sudo dpkg -i`. Menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, itajisasisha yenyewe, na hapo ndipo pa kuwa makini zaidi. Katika `/etc/default/grub` weka `GRUB_DEFAULT=saved`, `GRUB_DISABLE_SUBMENU=y`, `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5`, kisha `sudo update-grub`. Majina yatazame kwa `sudo grep menuentry /boot/grub/grub.cfg`. Jina la kerneli ya zamani lipe `sudo grub-set-default`, la mpya `sudo grub-reboot`, kisha washa upya. Hiyo mpya itawashwa mara moja tu. Ikiganda, zima na kuwasha, unarudi kwenye ya zamani. Tumia jina kamili, si namba, maana namba husogea kila kerneli inapoongezwa.

Kerneli mpya ikikataliwa kwa sababu ya saini, Secure Boot (kinga inayokubali kerneli zenye saini tu) imewashwa: izime kwenye BIOS, au uisaini kerneli mwenyewe.