Kingamwili imewaka ubongoni mwa samaki: je, ndiyo peptidi niliyoitafuta?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya pili, nachunguza ubongo wa samaki aina ya sichlidi wa Ziwa Tanganyika. Nilinunua samaki mwaloni Kibirizi asubuhi, nikatia ubongo kwenye formalini na kukata vipande vya mikroni 20. Nikatumia kingamwili ya sungura dhidi ya FMRFamidi (peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino), na rangi ya kahawia inayotengenezwa na kimeng'enya cha peroksidezi. Nyuzi nyingi zimewaka, pamoja na seli kubwa karibu na neva ya kunusa. Nilipoichanganya kingamwili na peptidi yenyewe kwanza, rangi ilipotea. Je, naweza kuandika kwamba samaki huyu ana FMRFamidi? Na haya madoa ya kahawia yaliyotapakaa kila mahali ni nini? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo. Andika kwamba umeona kitu "kinachofanana na FMRFamidi" kwa kipimo cha kingamwili. Neno "kinachofanana" usilidharau, maana slaidi zako hazijathibitisha zaidi ya hapo.

Kingamwili hushika umbo, tena kipande kidogo tu cha umbo. FMRFamidi ina asidi amino 4: fenilalanini, methionini, arginini, fenilalanini, na mkiani amidi. Kitu kidogo hivyo peke yake hakimshtui sungura atengeneze kingamwili, ndiyo maana huunganishwa kwanza na protini kubwa. Kwa kawaida kinashikizwa kwa upande wa kichwa, mkia unabaki wazi, na sungura anaujua mkia. Sasa mkia huo wa arginini, fenilalanini na amidi unao ukoo mzima wa peptidi za ubongo, neuropeptidi FF ikiwemo. Hata neuropeptidi Y inaishia na arginini, tirosini na amidi, na tirosini ni fenilalanini iliyoongezewa oksijeni moja. Kingamwili nyingi hazioni tofauti hiyo.

Mambo haya yameshatokea. FMRFamidi ilitolewa mwaka 1977 na Price na Greenberg kutoka kwenye neva za kombe wa baharini. Baadaye kingamwili dhidi yake zilionekana kushika kitu kwenye ubongo wa wanyama wenye uti wa mgongo. Watafiti waliotumia ubongo wa ng'ombe hawakuridhika na kuwaka tu. Walikichuja kile kilichoshikwa, na mwaka 1985 wakatangaza peptidi 2 mpya, moja ya asidi amino 8 na nyingine ya 18. Ile fupi ndiyo tunayoiita neuropeptidi FF. Ya kombe haikuwa humo.

Jaribio lako la kuchanganya ni zuri, ila limejibu swali jingine. Limeonyesha kwamba rangi inatokana na kingamwili zinazoushika mkia ule, si na takataka nyingine za seramu, yaani majimaji ya damu ya sungura. Chukua ufunguo mmoja unaofungua makufuli matano. Ukiuacha umenasa kwenye kufuli la kwanza, manne yaliyobaki hayatafunguka, lakini bado yapo mlangoni. Rudia basi, safari hii ukichanganya kwa zamu na neuropeptidi FF, kisha neuropeptidi Y, mikromola 10 kila moja, usiku kucha kwenye friji. Kama FF nayo inazima rangi, utajua kingamwili yako haichagui. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kingamwili ya pili iliyotengenezwa dhidi ya sehemu nyingine ya protini mama (ile ndefu ambayo peptidi hukatwa kutoka kwake), mbali na mkia, au kutafuta RNA mjumbe wake ndani ya seli zilezile.

Madoa hayo nadhani ni damu. Hemoglobini hufanya kazi kama peroksidezi na kugeuza rangi yako kuwa kahawia bila kingamwili yoyote. Yatazame kwa lenzi kubwa: chembe nyekundu za samaki zina umbo la yai na kiini katikati. Weka kipande kimoja bila kingamwili ya kwanza. Madoa yakibaki, umepata jibu. Loweka vipande kwenye hidrojeni peroksaidi ya asilimia 0.3 kwa nusu saa kabla ya kuanza, ili kuizima kazi hiyo ya damu. Na uangalie bafa zako (maji ya chumvi ya kuoshea vipande) zisiwe na azaidi ya sodiamu, kwa sababu inaua peroksidezi. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima kwa slaidi nyeupe pepepe kwa kosa hilo.

Linalonisumbua zaidi ni samaki wa Kibirizi. Aliyevuliwa usiku na kununuliwa asubuhi amekaa saa kadhaa akiwa amekufa, na muda wote huo vimeng'enya vinazikatakata peptidi. Sichlidi wengi wanakaa kwenye miamba karibu na ufukwe. Patana na mvuvi akuletee wazima ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, na ubongo uingie kwenye dawa ndani ya dakika chache. Tumia paraformaldehaidi ya asilimia 4 uliyoitengeneza siku hiyohiyo. Formaldehaidi hushikilia peptidi hasa kupitia vikundi vya amini, na peptidi fupi isiyo na lisini, kama hii, ina kimoja tu, pale kichwani. Ukichelewa, itasambaa na kuhama kutoka mahali pake.

Zile seli za karibu na neva ya kunusa zitunze. Kwenye samaki wengi, seli za neva iitwayo "neva ya mwisho", iliyo karibu na ile ya kunusa, huwaka kwa kingamwili za FMRFamidi na pia zina GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha homoni za uzazi. Paka vipande vinavyopakana, kimoja kwa kingamwili ya FMRFamidi na kingine kwa ya GnRH, uone kama ni seli zilezile.