Sipro hainisaidii tena, ni kweli mwili wangu umeizoea?

Swali: Asalam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni, Mombasa. Tangu Ramadhani nasumbuliwa na UTI, mkojo unachoma na chooni naenda kila saa. Nshameza sipro mara nne, zamani nikimeza mbili tatu napata nafuu naziacha, saa hii hata nikimaliza stripi sioni kitu. Wa kemisti ameniambia mwili wangu umezoea sipro, niupumzishe miezi sita usahau dawa, na kwa sasa nidungwe sindano tano za gentamaisini kwa vile ndio kali zaidi. Shoga yangu naye aniambia niwe nameza moja kila nikikutana na mume wangu, nijikinge. Nimebakisha sipro sita. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu, na pole sana, mkojo ukichoma hivo mtu hata usingizi haupati. Mkojo wako nitaufikia, lakini kwanza niruhusu niling'oe hili neno la mwili kuzoea dawa, mana mimi ni mfamasia, nasimama kaunta kila siku ya Mungu na kila siku ya Mungu nalisikia, na linaniumiza zaidi likitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe ambaye watu wanamwita daktari.

Mwili wako haujazoea sipro. Sipro ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, na antibayotiki haikutafuti wewe, inamtafuta bakteria, na aliyebadilika ni yeye bakteria. Chukua mtoto wako ambaye hajawahi kumeza sipro hata nusu kidonge, akipata maambukizi kutoka kwa bakteria hao hao walio kwako, dawa itagonga mwamba kwake siku ya kwanza. Mwili wake umezoea lini? Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema hili mwezi wa Desemba 1945 kule Stockholm alipokwenda kupokea tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa mtu mwenye koo linalouma, akajinunulia penisilini, akameza kiasi kisichotosha kuwaua bakteria ila kinatosha kuwafunza kuistahimili, kisha akamuambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akapewa penisilini, ikashindwa, akafa. Angalia hapo aliyekufa ni nani. Ni yule ambaye hakuimeza ovyo dawa. Miaka 80 imepita na bado tunaambiana mwili umezoea.

Sasa kwako imekuwaje. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, zaidi ya saba kati ya kumi zinaletwa na bakteria anaitwa E. coli, na huyu hatoki mbali, anaishi kwenye matumbo yako mwenyewe bila kukudhuru, shida inaanza akihamia kwenye njia ya mkojo. Katika mamilioni yao kuna wachache ambao kwa bahati ya maumbile sipro haiwashiki, pale mahali inapokwenda kukamata ndani ya bakteria pamebadilika umbo, kama kitasa kilichobadilishwa na wewe bado una ufunguo wa zamani, wengine wana pampu ya kuitapika dawa nje kabla haijafanya kazi. Kila ulipomeza sipro uliwafagia wale dhaifu, na si kwenye mkojo peke yake, hata tumboni, ukawaachia nyumba wale sugu, na E. coli akipata mazingira mazuri maabara anajigawa mara mbili kila dakika 20, yaani mmoja tu baada ya saa 7 ashakuwa zaidi ya milioni 2. Halafu wana tabia ya kupeana, kuna kijipande cha vinasaba kinaitwa plasmidi ambacho bakteria mmoja anamkabidhi mwenzake, hata asiye wa jamii yake, na mara nyingi kijipande kimoja kimebeba usugu wa dawa tatu nne kwa mpigo. Ndio unaona mtu sipro imekataa, anahamia Septrin inakataa, amoksilini nayo inakataa, anadhani amerogwa.

Hiyo ya kupumzisha miezi sita ina chembe ya ukweli ndani yake na ndio inayowapoteza watu. Ni kweli ukikaa bila antibayotiki, wale sugu hupungua tumboni polepole na wale wa kawaida wakarudi, na inaweza kuchukua hata mwaka mzima. Lakini anayesahau si mwili, na hakuna tarehe ya kusema leo ndio wameisha rudi kwenye sipro. Na huwezi kukaa na maambukizi ya mkojo miezi sita ukisubiri, yakipanda kwenye figo utalazwa.

Kama ungeweza kuja ukaona sahani ya maabara usingehitaji maneno yangu yote haya. Mwenzangu wa maabara aliniita siku moja nikaiangalie. Ni kisahani cha mviringo chenye kitu kama jeli hafifu ya manjano, juu yake bakteria wa mgonjwa wametandazwa wakaota kama ukungu wa kijivu, halafu kumepangwa vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake na kimeandikwa herufi. Kikaratasi cha nitrofurantoini, dawa nyingine ya UTI, kimezungukwa na duara safi, pana, hakuna kilichoota pale. Kile kilichoandikwa CIP, yaani sipro, bakteria wameota mpaka kwenye ukingo wake, wamekigusa, kama vile pale hapakuwa na dawa kabisa. Mgonjwa mwenyewe hakuwepo, mwili wake haukuwepo, ni bakteria na dawa peke yao, na dawa imeshindwa.

Na sindano je? Hapa ndipo subira inanitoka. Sindano si ukali, sindano ni njia tu ya kuingizia dawa. Gentamaisini ni dawa ya maana sana na hospitali wanaitegemea, lakini ikizidi au ikipewa bila kupimwa inaweza kuharibu figo na masikio, na masikio yakiharibika na gentamaisini hayarudi. Mtu anayekudunga tano mfululizo bila kujua bakteria ni yupi, bila kukuuliza uzito wako wala hali ya figo zako, huyo amekuuzia sindano, hajakutibu. Na kama una mimba ndio kabisa usikubali.

Ya shoga yako nayo iache. Wapo wagonjwa wachache ambao daktari baada ya vipimo huwaandikia dozi ndogo ya kujikinga, kwa muda maalum na kwa dawa iliyochaguliwa, lakini kujimezea sipro moja moja kila ukikutana na mumeo ndio shule yenyewe ya kuwafunza bakteria. Kojoa baada ya tendo, kunywa maji ya kutosha hata siku za joto ambazo unaona uvivu kwenda chooni, ukichamba anzia mbele kwenda nyuma, na sabuni na zile dawa za kujiosha usiziingize ndani, huko ndani kuna bakteria wazuri wanaokulinda.

Haya, la kufanya. Usimeze antibayotiki yoyote kwanza. Nenda ukapimwe mkojo wa kuotesha, kalcha, si kile kijiti cha rangi peke yake, mana kijiti kinaweza kuonyesha dalili za maambukizi lakini hakiwezi kukuambia dawa gani itafanya kazi. Jioshe, mkojo wa mwanzo uumwage, wa katikati ndio ukinge kwenye kikopo safi cha maabara, uwafikie mapema, usiuache ukapigwa jua kwenye matatu foleni nzima ya daraja la Nyali. Majibu huchukua siku mbili tatu. Yakirudi utaona kila dawa mbele yake kuna S au R, S inafanya kazi, R bakteria hawaisikii. Maumivu wakati unasubiri, panadol inatosha. Ukipata homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kiunoni, kutapika, au kama una ujauzito, usingoje majibu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na ujue pia inawezekana si UTI. Sikuoni, lakini huku pwani nshakutana na wengi walotibiwa UTI mwaka mzima kumbe ni kichocho, hasa mtu aliyekulia au anayekwenda sana Kwale au Kilifi akawa anaingia kwenye mito na mabwawa. Kichocho ni mnyoo, antibayotiki zote za dunia hazimgusi, dawa yake ni prazikwanteli. Ukiona mkojo una damu hasa matone ya mwisho, waambie maabara waangalie mayai ya kichocho, na mkojo wa kipimo hicho uwe wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio mayai hutoka kwa wingi. Halafu kuna fangasi, ambao dozi nne za sipro mfululizo zinawaita zenyewe kwa kuua bakteria wazuri, wanawasha na mkojo ukipita unachoma. Kuna magonjwa ya zinaa pia, kisonono na klamidia, na hapo mume naye lazima atibiwe. Unaona sasa sipro ya tano ingekuwa ni kupiga ngumi gizani.

Jambo jingine dogo ambalo hamulizwi: ulikuwa unaimezea nini? Mana hapa kwetu kidonge cha asubuhi kinateremshwa na chai ya maziwa na mahamri, na sipro ikikutana na maziwa, au dawa za tindikali za tumbo, au vidonge vya madini ya chuma, inashikana navyo na sehemu yake haiingii kwenye damu. Bakteria anaonja dawa kidogo, hafi, anajifunza. Imeze kwa maji, maziwa yasubiri masaa mawili. Kuacha ukipata nafuu ni hivo hivo. Simaanishi dozi ndefu ndio bora, UTI ya kawaida siku hizi nitrofurantoini ni siku 5 basi, namaanisha zile siku ulizoandikiwa na aliyekupima ndizo umeze, zisizidi zisipungue.

Na sasa niseme na wengine wanaosoma, mana dadangu huyu si peke yake. Wiki iliyopita baba mmoja kaniwekea kaunta kipande cha stripi kilichokatwa kwa makasi, kapsuli mbili, jina la dawa limekatika katikati limebaki "moxi" na tarehe ya kuharibika imeenda na kipande kingine. Ataka kama zile, mbili tu, koo linamuuma. Koo nyingi na mafua karibu yote ni virusi, na antibayotiki haiui virusi, hata umeze debe. Nilipomkatalia akakasirika akavuka barabara, na nina hakika huko alipata. Kisheria antibayotiki Kenya ni dawa ya kuandikiwa, lakini anayeuza mbili mbili anajua mteja atarudi, na anayenunua anadhani ameokoa shilingi hamsini. Wengine wanafungua kapsuli za rangi mbili wanamimina unga kwenye kidonda. Wengine wanawawekea kuku wa broila kwenye maji wasije wakaugua, na bakteria wa kuku sugu hao hao wanaingia jikoni kwetu. Wengine wana taifodi ya kila mwezi, tone la damu kwenye kigae, dakika kumi, una taifodi, meza hizi. Kipimo kile cha Widal kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupita au hata baada ya chanjo, kwa hivo mtu mzima wa hapa akipimwa siku yoyote anaweza kuonekana ana taifodi. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Lakini anayepima ndiye anayeuza dawa, na majibu ya hana kitu hayauzi.

Watafiti walipiga hesabu wakaona mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Mimi namba hiyo siwezi kuibeba kichwani, ninachokibeba ni alichonisimulia muuguzi rafiki yangu wa wodi ya watoto wachanga. Mtoto wa siku tatu, kaacha kunyonya, mwili wa baridi, damu ikaoteshwa. Karatasi ikarudi R, R, R, chini kabisa S moja, ya dawa ambayo familia ilizunguka mji mzima kuitafuta na bei yake sitaitaja. Mtoto yule hakuwahi kuonja kitu duniani isipokuwa ziwa la mamake.

Dadangu, zile sipro sita zilizobaki usiziweke kabatini na usimpe jirani, hata akikuomba kwa machozi, wala usizitupe chooni. Zirudishe duka la dawa lenye mfamasia aliyesajiliwa, waambie ni za kuteketezwa. Na majibu ya kalcha yakitoka niandikie hizo S na R moja baada ya nyingine, pamoja na kama unanyonyesha, tuangalie ipi inakufaa.